Macho Juu Ndiyo, Macho Chini Hapana

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, sufuria kubwa lenye mfuniko wake, na hotuba nyingi. Nawashukuru kwa vyote, hasa sufuria. Katika hotuba mlisema nilikuwa mvumilivu, mcha Mungu na mtu wa kuwahi kazini. Hilo la mwisho ni kweli. Lakini hakuna aliyesema nilikuwa nafanya nini hasa nilipokaa kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeweza kusema, nikimtazama usoni kama mtu anayesubiri uji uchemke. Najua baadhi yenu mlidhani napumzika. Ndiyo maana nimeamua kuandika haya. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vilikuja polepole na havikunifundisha kitu.

Mimi ni mtu wa Mkumbi, kwenye vilima vya kahawa. Nilianza uuguzi katika hospitali moja ya misheni huko huko juu milimani, ile miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni na shuka za wodi zilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chenyewe. Siku yangu ya kwanza, nikiwa na gauni jeupe lililonibana kwapani, nilipelekwa kwa mkuu wa wodi, Sista Wigberta. Yeye alikuwa sista wa kweli, mtawa. Mimi nilikuwa sista kwa sababu ya gauni tu, ingawa mpaka leo kuna wazee sokoni Mbinga wanaoniuliza kama Baba Askofu anajua kwamba nina mume.

Sista Wigberta alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilikubidi uache unachofanya ili umsikie. Nadhani ndiyo ilikuwa nia yake. Alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba kidogo mwishoni mwa wodi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Ndani alilala kijana wa rika langu, mkulima, jina lake Otmari. Alikuwa amejikata mguu kwa jembe shambani, akafunga jeraha kwa kitambaa cha kawaida, na baada ya siku kadhaa pepopunda ikamkamata. Taya lilikuwa limekaza, meno yamebana, shingo imekuwa ngumu kama mpini. Kila aliposhtuka, mwili mzima ulijipinda kama upinde.

Nilitaka kuonyesha kwamba nimesoma. Nikamwinamia, nikapaza sauti:

"Habari za asubuhi, kaka Otmari! Mimi ndiye muuguzi wako!"

Otmari akajipinda mpaka nikadhani mgongo utavunjika. Sista Wigberta alisubiri mpaka mwili ukalegea, akanitoa nje.

"Binti," alisema, "yule ana pepopunda. Si kiziwi."

"Nilitaka anisikie, Sista."

"Anakusikia. Anamsikia hata sisimizi. Sisi ndio hatumsikii yeye."

Basi kazi yangu ya kwanza ikawa kukaa. Nilikaa kwenye giza lile nikinong'ona. Akili ya Otmari ilikuwa safi kabisa. Kilichofungwa kilikuwa kinywa. Sista alinionyesha namna: macho juu ni ndiyo, macho chini ni hapana. "Usimuulize anataka nini," aliniambia. "Hilo ni swali la mtu mwenye mdomo. Yeye muulize jambo moja, la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha ukae. Ukiuliza, kaa. Usiulize huku unaondoka."

Otmari alikuwa na jambo. Kila asubuhi degedege lilizidi, na akitulia macho yake yalikwenda mlangoni. Niliuliza kama ni kiu. Chini. Maumivu ya mguu? Chini. Haja ndogo? Chini, tena kwa hasira. Nikaishiwa maswali. Sista akaja akakaa mahali pangu.

"Ni kitu kilichomo humu ndani?" Chini.

"Kiko nje?" Juu.

"Ni mtu?" Macho yakasitasita, yakashuka.

"Kitu?" Juu.

"Kinanuka?" Chini.

"Kinapiga kelele?"

Macho yakaenda juu yakabaki huko huko, na machozi yakaanza kumtiririka pembeni mpaka masikioni. Sista akatoka akasimama barazani. Alisimama muda mrefu mikono nyuma, hata nikadhani amenisahau. Ndipo akapita mama wa usafi, akiburuta ndoo ya bati kwenye sakafu ya saruji, krrr, krrr, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake.

Ndoo ikavalishwa gunia chini, likafungwa kwa kamba. Degedege halikuisha siku hiyo, lakini asubuhi zake zikawa nafuu. Otmari alipona. Dawa zilimponya, na giza, na uangalizi, na Mungu. Sitadai kwamba gunia lilimponya. Ila kwa miaka mingi kila aliponikuta sokoni alifungua kinywa wazi anionyeshe jinsi taya linavyokwenda, hata siku aliyokuwa na wakwe zake.

Baada ya hapo nilishikwa na hamu ya vyombo. Nilidhani kazi hii ni ya vyombo. Nilikata boksi la dripu nikachora picha: kikombe, blanketi, ndoo, mto, tumbo lenye mshale. Mungu hakunipa mkono wa kuchora, lakini wakati ule hakuwa amenifunulia. Nililitundika boksi wodini, nikalitazama kwa fahari kama fundi anavyotazama kabati lake.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa kijiji jirani cha Ruanda aliyeanguka na baiskeli mteremkoni. Mbavu zilikuwa zimevunjika, na taya lilikuwa limefungwa kwa waya. Alipumua kwa shida na kusema hakuweza. Nikampa boksi. Akalitazama, akaweka kidole kwenye mto. Tatizo ni kwamba mto wangu ulikuwa umechorwa vizuri sana kama gunia lililojaa. Tena ulikuwa msimu wa kuuza kahawa, na hakuna mtu aliyezungumza kitu kingine. Wodi nzima ikakubaliana: mzee ana wasiwasi na kahawa yake.

Mwanawe akaitwa kutoka Ruanda. Alikuja kwa miguu, jasho linamtoka, akasimama mbele ya kitanda kwa adabu.

"Shikamoo, baba. Kahawa imekauka vizuri. Iko ndani, na mlango nimefunga."

Mzee akagonga picha kwa kidole.

"Ndiyo, baba. Yote iko ndani."

Mzee akagonga kwa ngumi. Mwana akanigeukia. "Labda anaulizia ya mwaka jana."

Hapo mzee akafumba macho, akanyoosha mkono nyuma ya kichwa chake, akauvuta mto, akanitupia. Ulikuwa umekuwa mgumu kama jiwe na alitaka ugeuzwe. Sista Wigberta hakunigombeza. Alisema tu, "Kabla hujatundika picha, ipeleke sokoni uulize watu wanaona nini." Nimeifuata kanuni hiyo hadi nastaafu. Chora mto wenye kichwa juu yake.

Baadaye nikaolewa na mwalimu, na mwalimu akahamishiwa ziwani, nami nikamfuata. Nikapata kazi katika hospitali ndogo ya ufukweni. Kwa mtu aliyezoea baridi ya Mkumbi, kule chini kulikuwa kama kukaa ndani ya sufuria. Usipa, dagaa wa ziwa lile, walianikwa kila mahali, kwenye vichanja, kwenye mawe, hata kwenye bati la choo cha wauguzi. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wavuvi na wake zao, Waanglikana kwa Wakatoliki. Kiswahili walikijua, lakini mtu akizidiwa hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo. Nikajifunza Kinyasa kuanzia upande wa kitandani: maumivu, kiu, nigeuze, naogopa. Salamu nilijifunza baadaye. Kwa hiyo kwa muda nilipokwenda sokoni niliweza kumuuliza mama wa watu kama amepata choo, lakini sikuweza kumuuliza watoto hawajambo.

Huko ndiko alikoletwa Mama Agnesi.

Alikuwa mkaushaji na muuzaji wa usipa, mwanamke mwenye mabega mapana na sifa ya kusema sana. Ugonjwa ulimwanzia miguuni kama ganzi. Akadhani ni uchovu. Kesho yake akashindwa kusimama, kisha mikono ikalegea, kisha uso, kisha sauti ikakatika. Alipofika kwetu alikuwa amelala kama kitambaa kilicholowa. Hakumeza, tukamlisha kwa mpira uliopita puani. Kope zake hazikufunga, tukayalinda macho kwa pamba iliyoloweshwa. Daktari wetu, kijana aliyekuwa hajamaliza hata mwaka pale, alimsikiliza kifua kila asubuhi na kila jioni.

"Ni ugonjwa wa neva," alituambia. "Unapanda, halafu ukitaka unashuka wenyewe. Ukifika kwenye pumzi tumempoteza, maana mashine ya kumpumulia hatuna. Usipofika, atarudi. Lakini taratibu sana."

Kumpeleka kwingine haikuwezekana. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya mlimani, na kwa boti alikuwa anaweza kupaliwa na mate yake njiani. Basi tukabaki naye.

Mimi nilijua kwamba yumo. Siku ya pili tu nilimwambia, "Mama Agnesi, kama unanisikia tazama juu," na macho yakapanda. Uso haukutikisika, mdomo haukutikisika, ila yale macho mawili yalipanda na kushuka vilevile kama ya Otmari. Nilimwonyesha binti yake, Agnesi, aliyekuwa akimuuguza. Tangu hapo sisi watatu tukawa tunazungumza: ndiyo na hapana, kugeuzwa na kufutwa mate, kuwashwa mgongo. Mgongo hasa.

Kisha wakaja ndugu. Walikuja kwa boti kutoka kijijini kwao, kaka yake mkubwa Kosmas akiwa mbele. Kosmas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika mdogo wao mwingine mwaka huo huo, na alikuja akiwa amekwisha kuamua.

"Sista," aliniambia, "tunashukuru kwa kazi. Sasa tunamchukua dada yetu. Akafie kwao."

"Hafi, baba. Daktari amesema akivuka hapa atapona."

"Huyu unamwita mzima?"

"Anatusikia. Tazama macho yake."

Kosmas akamtazama dada yake kwa muda. "Macho ya samaki sokoni nayo yako wazi," akasema.

Agnesi akaanza kulia. Baba Agnesi, mume wa mgonjwa, alikuwa mtu mpole ambaye mkewe alimsemea miaka yote, na sasa alisimama kama aliyenyang'anywa fimbo. Alisema tu, "Tungesubiri kidogo." Mmoja akajibu kwamba kusubiri ni kumtesa. Mwingine akasema huu si ugonjwa wa hospitali. Sauti zikapanda, wagonjwa wengine wakainua vichwa. Daktari alijaribu kueleza, lakini alikuwa kijana, na nyumba yenye wazee haimsikilizi kijana haraka. Nilijua kwamba wakimchomoa mpira ule wa kulishia wakampakia kwenye boti, hatafika kijijini.

Nikawaomba kitu kimoja. "Muulizeni wenyewe. Muulizeni jambo ambalo mimi siwezi kulijua."

Nadhani Kosmas alikubali ili amalize ubishi. Akafikiri, kisha akasogea mpaka kichwani kwa dada yake.

"Mwambie ataje," akasema. "Nilipovunjika mkono nikiwa mtoto, tulimwambia mama nini?"

Hilo si swali la ndiyo na hapana. Lakini Mama Agnesi alikuwa amesoma ngumbaru, madarasa yale ya watu wazima, na mtu aliyesoma ngumbaru anazo silabi kichwani kama wimbo. Ba be bi bo bu. Nilikuwa nimeanza kumjaribisha na Agnesi siku chache nyuma, tukifika nusu ya neno tunachoka. Namna yake ilikuwa hivi: nataja irabu, a, e, i, o, u, anainua macho kwenye irabu anayotaka. Kisha nashuka mstari wa irabu hiyo, silabi moja moja, mpaka ainue tena. Ni polepole. Jirani yake kitandani aliwahi kusema ni kama kungoja kobe avuke barabara.

"Mama Agnesi, umemsikia kaka yako?" Juu.

"Tuanze. A. E. I. O. U."

Macho yakapanda kwenye u.

"Bu."

Yakapanda papo hapo.

"A. E. I." Yakapanda. "Bi. Chi. Di. Fi. Gi..." Nilishuka mstari wote. Ndugu walikuwa wamenisogelea mpaka nasikia pumzi zao shingoni. Nilifika mwisho kabisa. "Zi."

Juu.

"Buzi," nikasema, na moyo ukanishuka, maana hilo halikuniingia akilini. Nikaanza kumwomba arudie. Lakini Kosmas alikuwa amekaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni palepale aliposimama, akaweka mkono kwenye fremu ya kitanda.

"Mbuzi," alisema. "Nilianguka kwenye mpera wa misheni, tukiiba mapera. Mama alikuwa ametuambia akisikia tena tumepanda mpera ule tusirudi nyumbani. Tukamwambia nimepigwa pembe na mbuzi. Mbuzi wa watu akafungwa kamba mwezi mzima." Akamtazama dada yake. "Mama amekufa hajui. Hakuna mtu anayejua."

Kisha mzee yule akalia bila kujificha, na akazungumza na dada yake kwa Kinyasa, haraka haraka, maneno ambayo sikuyafuata yote. Nyuma yake ubishi ukaanza upya, sasa kila mtu akitaka kuuliza lake: alimwachia nani nyavu, anamshuku nani, aletewe nani. Nikaona macho ya Mama Agnesi yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka. Hiyo ilikuwa ishara yetu ya kuita.

"Ana la kusema," nikawaambia. "Subirini."

Wakajipanga kama watu wanaosubiri wosia. Baba Agnesi akavua kofia. Nikaanza kutaja irabu. Ikaja nya. Ikaja ma. Ikaja ze. Nilipofika kwenye ni, Agnesi alikuwa ameshaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Nyamazeni," nikasoma.

Wodi nzima ilicheka, hata yule mgonjwa wa kitanda cha tatu aliyekatazwa kucheka kwa sababu ya nyuzi za tumbo. Mumewe alicheka kuliko wote. "Ni yeye," alikuwa akisema, akinishika mkono. "Ni yeye kabisa!" Walipotulia, alitupa neno la pili, na hilo halikuwa la mzaha. Ni-ba-ki. Kosmas mwenyewe ndiye aliyemuuliza: "Ubaki hapa hospitali?" Macho yakapanda, na kaka akasema, "Basi, atabaki." Akafungua fundo la nguo alilokuja nalo. Ndani mlikuwa na kitenge kipya. Hatukuulizana kilikuwa cha nini. Alimfunika nacho miguu.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Siku moja mchana Agnesi alikuja mbio: mama anaita, macho hayatulii. Kwa kumtazama hukuona kitu. Nikamuuliza: maumivu? Chini. Mgongo? Chini. Pumzi? Juu, juu, juu. Daktari akasikiliza kifua, akasema kwa sauti ndogo, "Makohozi yameziba upande mmoja." Umeme haukuwepo, jenereta ilikuwa inangoja mafuta, basi tukamfyonza kwa pampu ya mguu, daktari akikanyaga mimi nikishika mpira, tukimlaza upande na kumpigapiga mgongo mpaka rangi ikamrudi. Kama tungengoja mpaka tuone kwa macho yetu, tungechelewa. Yeye ndiye aliyetuambia.

Ugonjwa haukufika kwenye pumzi. Ukasimama, ukakaa pale pale kwa muda uliotuchosha sote, halafu ukaanza kushuka kama daktari alivyosema. Kwanza kidole gumba. Kisha kope zikaanza kufunga. Siku tuliyojaribu kumpa kijiko cha uji kwa kinywa tulikusanyika kama kwenye ubatizo. Akameza. Akapumua. Mdomo ukahangaika, na kwa sauti kama karatasi inayosuguliwa akasema neno lake la kwanza:

"Sukari."

Alirudi baadaye kwa miguu yake, kwa mkongojo, na ndoo ya usipa kwa ajili ya wauguzi. Nilimwomba akae nasi kwenye chumba cha chai, atuambie ilivyokuwa. Sijahudhuria semina iliyozidi ile.

"Nilikuwa kama mtu aliye ndani ya nyumba yake," alisema. "Mlango umekwama, dirisha limekwama. Watu wanapita nje wanasema, mwenye nyumba hayupo. Wewe unapiga kelele, nipo! Hawasikii. Wengine wanaanza kugawana vyungu."

Akaona tumeweka vikombe chini, akatuhurumia.

"Ninyi si wabaya," alisema. "Kilichonikera ni kuuliza mawili kwa mpigo. 'Una kiu au tukugeuze?' Sasa nijibu lipi? Naye Padri wetu, Mungu ambariki, alikuja kila Jumapili kuniombea. Alisali sala ndefu, nzuri, macho ameyafumba. Nami sina cha kusemea amina isipokuwa macho!"

Tangu siku hiyo, mapadri waliofika wodini kwangu niliwaomba wasali macho wazi. Mmoja tu ndiye aliyekasirika.

Miaka ilikwenda. Maduka yakajaa vitu, kalamu za wino mzito zikapatikana, na nailoni ya kufunikia karatasi. Silabi zangu zikaandikwa vizuri na kutundikwa mahali pake. Picha zikachorwa na mtu anayejua kuchora. Wauguzi vijana walijifunza, na wengine walinipita, nami nilifurahi, ingawa sikusema sana wasije wakavimba kichwa. Nikaanza kuamini kwamba hakuna mgonjwa usiyeweza kuzungumza naye, mradi upate njia.

Ndipo akaja Mzee Lazaro. Alikuwa mvuvi mzee, koo lake limezibwa na uvimbe. Daktari alimtoboa tundu shingoni ili apumue, akamwekea bomba dogo la chuma, na sauti ikaisha hapo. Mikono yake ilifanya kazi, macho yalifanya kazi, akili ilikuwa kali. Nilidhani atakuwa mgonjwa rahisi kuliko wote. Nikamletea ubao wa picha. Akausukuma kwa upole. Nikamletea silabi, akageukia ukutani. Nikakaa, nikauliza swali moja moja kama nilivyofundishwa, nikangoja. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akafumba macho. Hakuwa na hasira. Hakutaka tu.

Na jambo lilikuwa kubwa. Daktari alitaka kumpeleka hospitali kubwa, mbali, huenda uvimbe ungepunguzwa na angeongezewa muda. Huenda pia angefia njiani au kwa wageni. Hakutaka kumpeleka bila ridhaa yake, na yeye hakutujibu ndiyo wala hapana.

Mkewe, Bibi Merina, alikuwa amekwenda mlimani, Litumbandyosi, kumsaidia binti yao aliyejifungua. Habari zilipomfikia alishuka na lori, akaingia wodini akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamsalimia, "Shikamoo, mama," nikamkalisha, nikamweleza ubao, picha, silabi, macho juu, macho chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama tunavyosikiliza matangazo kanisani.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa tuachie."

Nikavuta pazia nikaondoka. Walikaa mchana kutwa. Nilipopita na dawa za wengine nilisikia Kinyasa cha sauti moja tu, kikipanda na kushuka, kikitulia kabisa, kikiendelea. Mara nikasikia kofi la kirafiki gotini, na bibi akisema, "Mwongo wewe!" Mara nyingine nikasikia anapenga kamasi.

Jioni alitoka barazani, akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu. Nikakaa karibu naye.

"Mmezungumza, mama?"

"Tumezungumza."

"Amesema nini?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mengi, mwanangu. Yako hayamo." Kisha akaona uso wangu, akanigusa mkono. "Ila hili mwambie daktari. Anasema haendi mbali. Anataka nyumbani. Atakaa mahali anapoliona ziwa, na mimi nimeshakubali."

Nikamweleza daktari. Daktari alikwenda kuhakikisha mwenyewe, akamuuliza mzee uso kwa uso kama anataka nyumbani, na kwa mara ya kwanza Mzee Lazaro alituitikia kwa kichwa, mara moja tu, wazi. Nilimfundisha Bibi Merina kusafisha bomba, kulichemsha, kulirudisha. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwa nao.

Asubuhi iliyofuata waliondoka kwa boti ya mpwa wao. Tulimshika mzee mabegani, tukamkalisha vizuri, shuka imefunika shingo ili vumbi na maji yasiingie. Nilisimama majini hadi magotini, nimeshika ukingo wa boti, nikamtakia heri. Alinitazama.

"Anasema asante," Bibi Merina akasema. "Anasema umekaa naye sana, na alikuona."

Nikamrekebishia shuka shingoni.

"Anasema pia," akaendelea, "ile chai ya hospitali yenu ni maji ya kuoshea vikombe."

Nilimtazama mzee vizuri, kwa macho yote ya miaka yangu ya kazi. Sikuwa nimeona jicho likipanda, wala kidole kikitikisika, wala unyusi. Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.